Mzee Eustaki Ligombi Anafunga Chumba cha Vibali

Ifakara, 30 Juni 1999

Kwa Mzee Eustaki Ligombi

Leo Jumatano, Mzee Eustaki Ligombi anastaafu baada ya kuitumikia Benki ya Mavuno, tawi la Ifakara, kwa miaka thelathini na miwili na karibu miezi mitatu. Aliingia tarehe 3 Aprili 1967 akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Anatoka ana miaka hamsini na mitano, ana wajukuu saba, na masikio yake bado ni mazuri kuliko ya mtu yeyote hapa kazini.

Wasifu huu ameomba niuandike mimi, Levina Mkulila, karani wa kaunta ya pili. Ameweka sharti moja: siku ya tarehe 22 Aprili 1998 iwemo, tena iandikwe ilivyokuwa. Isipokuwemo, alisema, hatakuja kuagwa. Atakabidhi funguo kwa mlinzi na kwenda zake. Wenzangu wa tawi mnajua kwamba siku hiyo inamhusu marehemu mume wangu, Anselim. Wageni waliotoka makao makuu hawajui, lakini watajua wakifika huko mbele. Kwanza nieleze kazi yake, kama ilivyo desturi ya shughuli hizi.

Alianza utarishi. Alikuwa na baiskeli ya benki na mkoba wa ngozi, akipeleka barua posta, sokoni na Kivukoni, ambako wateja wa ng'ambo walizisubiri wakishuka kwenye pantoni. Mwaka 1969 maji ya mto Lumemo yalimwangusha pamoja na baiskeli na mkoba. Alirudi ofisini ameloa mpaka kwenye nywele, akaanika barua arobaini na moja juu ya kaunta, kila moja akaiwekea jiwe dogo isipeperuke. Wateja waliofika asubuhi hiyo walihudumiwa dirishani. Meneja wa wakati huo alikasirika, kisha akaona kwamba kijana yule amezipanga barua kwa vijiji, na anajua kila mwenye barua anakaa nyumba gani na anapitiwa njia ipi. Baada ya miaka mitatu akawa karani.

Redio ililetwa mwaka 1979, na hapo ndipo alipopata mahali pake. Alikabidhiwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja, meza, redio, na makasha ya mbao yaliyokuwa na karatasi za wateja wote wa tawi. Baadaye kadi za kijani zilipoanza, mwaka 1987, chumba hicho kikaitwa Chumba cha Vibali. Kwa vijana ambao hawakuukuta utaratibu ule, ulikuwa hivi. Mteja wetu akiwa Morogoro, Mbeya au Dar es Salaam, alitoa kadi yake kwenye kaunta ya huko. Karani wa huko aliita Ifakara kwenye redio na kusoma namba. Mzee Ligombi alivuta kasha, akatoa karatasi ya mteja, akaangalia kama fedha ipo, kisha akataja namba ya kibali. Namba hiyo isipotajwa, mteja halipwi. Nchi nzima, mtu yeyote aliyeweka akiba yake Ifakara alilipwa kwa neno la mzee huyu.

Redio ilikuwa na kelele, hasa masika. Sita na tisa zilikuwa zinachanganyika, na kosa moja lingempa mtu fedha ya mwingine. Kwa hiyo yeye alisema "sita nusu dazeni" na "tisa mimba." Makarani wa matawi mengine walicheka, halafu wakaanza kusema vilevile. Siku moja paroko mmoja alikuwa Dar es Salaam na kadi yake ina tisa mbili. Karani wa huko akasoma kwa sauti mbele ya watu: "Nne, moja, mimba, mimba, sufuri." Padre aliporudi Ifakara alikuja moja kwa moja chumbani.

"Eustaki, ni wewe uliyenipa mimba mbili?"

"Zilikuwa zako tangu ulipopewa kadi, Baba. Mimi nimezisoma tu."

Padre alikaa akacheka mpaka akaomba maji.

Namba peke yake haikumtosha. Alitaka kusikia sauti. Alimwomba karani wa huko ampe mteja kipaza sauti, wasalimiane. Alikuwa akisema karatasi ina sahihi lakini haina pumzi. Mwaka 1991 kijana mmoja alikwenda kwenye tawi la Dar es Salaam na kadi ya mjomba wake, Mzee Melkiori, mkulima wa Lupiro mwenye zaidi ya miaka sabini. Namba ilikuwa sahihi, na sahihi ameiiga vizuri. Mzee Ligombi akasema redioni, "Shikamoo, mzee." Yule kijana amelelewa vizuri, hakuweza kumwitikia marahaba mtu ambaye sauti yake inaonyesha ni wa umri wa baba yake. Akajibu kwa sauti ndogo, "Shikamoo na wewe." Mzee Ligombi akamwambia karani, "Mnyang'anye kadi huyo, lakini msimpige. Adabu anayo."

Alikuwa na kanuni nyingine aliyoitunga mwenyewe, wala haimo katika kitabu chochote cha benki. Kadi ya ndugu wa mfanyakazi ikiitwa, mfanyakazi huyo asiwe karibu. Hakutaka mtu aseme kwamba vibali vya Ifakara vinatolewa kwa undugu. Mume wangu alikuwa fundi seremala Viwanja Sitini, na alisafiri mara kwa mara kununua misumeno, vitasa na gundi. Kadi yake ilipoitwa, Mzee alitoa kichwa mlangoni na kusema, "Levina, kanunue karanga." Nilinyanyuka nikaenda. Wenzangu wote walijua maana yake. Nikirudi, alipokea karanga zake, akanipa salamu zangu: "Fundi hajambo. Anasema mlango wa jikoni usiubamize, gundi haijashika." Au: "Anauliza kama kuku wa rangi mbili ametaga." Kwa miaka kumi na mmoja salamu za mume wangu akiwa safarini zilinifikia kwa mdomo wa Mzee Ligombi. Mimi mwenyewe sikuwahi kuisikia sauti yake kwenye redio ile, hata mara moja.

Watu wamekuwa wakisema kwamba Mzee Ligombi aliupinga mtandao mpya. Si kweli, na ameniomba niliseme hilo wazi. Yeye ndiye aliyeuomba. Katika mkutano wa wafanyakazi wa 1995 alisimama akaeleza kwamba wakati wa mavuno ya mpunga vibali vinafika mia kwa siku, redio ni moja, na watu wetu wanalala kwenye baraza za benki za mijini wakisubiri mvua inyamaze. Alitoa mfano wa mama mmoja wa Lumemo aliyekaa Mbeya siku mbili na mtoto mgonjwa kwa sababu redio haikusikika. "Mtu asikae njaa na fedha yake ipo," alisema. Maneno hayo yaliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Mimi ndiye niliyeyaandika.

Mafundi walikuja mwishoni mwa 1996 na tena mwaka uliofuata. Kiongozi wao, Bwana Hermenegildi, alisimika dishi nyuma ya jengo na kuvuta nyaya hadi kaunta. Akaunti zote za nchi zingewekwa ndani ya kompyuta moja Dar es Salaam, na kila kadi ingejibiwa na kompyuta hiyo kwa nusu dakika. Karatasi za wateja wetu zilipangwa katika masanduku matatu ya bati, zikasafirishwa kwa treni ya TAZARA. Mzee Ligombi alizipanga mwenyewe kwa namba. Aliyafunga masanduku kwa kamba ya katani, akayasindikiza hadi stesheni, akasimama hapo mpaka treni ikaondoka.

Kisha akapewa kazi ya kuwafundisha wateja namba ya siri. Alikwenda Lumemo, Viwanja Sitini, Kivukoni na ng'ambo ya mto, na mara nyingine nilifuatana naye. Kivukoni alisimama mbele ya wavuvi na mama lishe, akasema kila mtu achague namba nne na asimwambie mtu. Bibi Balbina, ambaye anauza samaki pale tangu sijazaliwa, akamkatiza.

"Nisikwambie hata wewe?"

"Hata mimi, bibi."

"Na padre?"

"Hata padre."

"Nikifa nayo je?"

"Kufa nayo."

"Basi semeni tu kwamba hela mtakula ninyi," akasema Bibi Balbina, na watu wote wakaangua kicheko. Mzee alicheka nao. Kisha alikaa naye kwenye mtumbwi uliopinduliwa karibu saa nzima, mpaka akaelewa. Bibi Balbina hajawahi kukosea namba yake mpaka leo.

Sasa nafika mwaka 1998.

Mtandao ulipangwa kuanza tarehe 1 Aprili. Katikati ya Machi Mzee Ligombi alipata habari kwamba masanduku mawili tu yameingizwa kwenye kompyuta. La tatu lilikuwa bado limefungwa huko Dar es Salaam. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, umeme ulikuwa ukikatika, na vibarua wa kuingiza majina walikuwa wachache. Aliandika barua makao makuu kuomba tarehe isogezwe, au tawi la Ifakara liruhusiwe kuendelea kutoa vibali vya redio kwa wateja wa sanduku la tatu tu. Hakujibiwa. Akaandika ya pili. Akaandika ya tatu, hiyo niliipiga chapa mimi. Jibu lililokuja lilikuwa waraka wa matawi yote: kuanzia tarehe 1 Aprili ni marufuku kutoa kibali kwa sauti, na kila karani wa vibali atie sahihi kwamba ameelewa. Atakayekiuka ataachishwa kazi bila mafao.

Mzee Ligombi alitia sahihi tarehe 31 Machi, saa tisa alasiri. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi mitatu. Redio iliachwa chumbani kwa ajili ya salamu na habari za magari ya benki.

Mume wangu alikuwa Morogoro tangu wiki ya Pasaka. Alikwenda kununua msumeno wa mashine, barabara ikakatika huko Kidodi, magari yakasimama. Fedha aliyokwenda nayo ikamwishia nyumba ya wageni. Jumatano tarehe 22 alikwenda na kadi yake kwenye tawi letu la Morogoro, na kompyuta ikasema mtu huyo hayumo. Alikuwa wa sanduku la tatu.

Karani wa pale, Osward, alikuwa amesikilizana na Mzee Ligombi redioni kwa miaka mingi ingawa walikuwa hawajaonana. Aliita Ifakara. Yaliyosemwa nayaandika kama nilivyoelezwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

"Ifakara, Morogoro hapa. Shikamoo mzee. Nina fundi wako hapa, kompyuta inasema hayumo, ova."

"Marahaba. Yumo sana. Yuko kwenye sanduku ambalo halijafunguliwa."

"Nimlipe? Nipe namba ya kibali niandike kama zamani."

Mzee Ligombi alisema, "Mpe kipaza sauti."

Wakasalimiana. Anselim akamweleza kwamba amekwama, anataka nauli na fedha ya kulala siku chache. Mzee akamwambia kwamba kibali cha sauti kimekatazwa, ameshatia sahihi, na kwamba ameambiwa sanduku la tatu litakuwa tayari Ijumaa. Anselim akajibu, "Sawa, mzee wangu. Ijumaa siyo mbali." Osward alimpa elfu mbili kutoka mfukoni mwake.

Siku ile Mzee Ligombi hakunituma karanga, kwa sababu hapakuwa na kibali cha kutoa. Nilikuwa kwenye kaunta ya pili, hatua kama ishirini kutoka mlango wake, nikiwahesabia fedha watu wa ushirika. Alasiri tulipofunga, alikuja akasimama mbele yangu akasema, "Fundi ameita leo. Ni mzima. Amekwama na barabara, atapata fedha Ijumaa." Nilishukuru. Nilikwenda nyumbani, nikapika, nikawaambia watoto kwamba baba yao ni mzima.

Anselim alikufa alfajiri ya Ijumaa, tarehe 24, katika chumba cha nyumba ya wageni. Daktari aliandika malaria iliyopanda kichwani. Mhudumu alisema tangu Jumanne alikuwa akitetemeka, na Alhamisi hakutoka chumbani. Osward alimsubiri kaunta, na kwenye saa tano akajaribu kuingiza namba ya kadi yake kwenye mashine aone kama jina lake limeingia. Mashine ikakubali. Alifurahi, akaondoka kwenda kumtafuta ampe habari.

Barabara ilikuwa bado imekatika, kwa hiyo hakuletwa nyumbani. Nilipanda treni kwenda Dar es Salaam, nikapanda basi kurudi Morogoro, na tulimzika Jumatatu katika makaburi ya Kola. Watoto hawakumwona. Mzee Ligombi aliomba ruhusa, akanisindikiza safari nzima. Alibeba mkoba wangu. Nikikumbuka safari ile, nakumbuka kwamba kila kituo alininunulia chai, na kila kituo chai ilipoa.

Baada ya hapo hakukaa tena kwenye kiti cha redio. Hakuna aliyemkataza. Alimwomba meneja ampe kazi ya stoo, na kwa miezi kumi na minne amekuwa akipanga mafaili ya zamani na kufunga karatasi za miaka iliyopita. Mtandao unafanya kazi, na lazima niseme hivyo kwa sababu yeye mwenyewe anapenda ukweli usemwe. Siku nyingi dishi linakamata, mteja anabonyeza namba zake nne, anapata fedha yake na kuondoka. Mwaka huu wakati wa mavuno hapakuwa na mtu aliyelala kwenye baraza. Makao makuu wamemletea cheti cha pongezi kwa kufanikisha kuunganishwa kwa tawi la Ifakara. Kipo mezani, kwenye fremu. Hajakigusa.

Tarehe 6 mwezi huu, Jumapili, alikuja nyumbani kwangu baada ya misa. Nilikuwa nimepika wali na samaki kitoga, nikamkaribisha. Hakula. Alisema ana neno la mwaka mzima.

Alisema, "Levina, sikukwambia yote. Mumeo aliniuliza kama upo. Nikamwambia yupo kaunta. Akasema, niitie kidogo mzee, nimsikie tu. Nikamwambia unajua kanuni yangu, fundi, mke haingii chumba cha vibali. Nikamwambia nitampa salamu."

Akaendelea.

"Na kingine. Mimi nimesikiliza sauti za watu miaka kumi na tisa. Sauti yake ilikuwa na homa. Meno yalikuwa yanagongana. Niliyasikia, Levina. Niliyasikia na sikumuuliza, kwa sababu ningemuuliza angeniambia anaumwa, na angeniambia anaumwa ningempa kibali."

Nilimuuliza kwa nini ananiambia sasa. Akasema hataki kukaa mbele ya watu asifiwe miaka thelathini na miwili na mimi nimekaa pale nikipiga makofi bila kujua. Ndipo akaniomba niandike.

"Mzee, shughuli ya kuaga ile. Watu watakuwa wamekuja kula pilau."

"Wale. Wewe andika."

"Meneja atakata."

"Akikata siji."

Meneja wetu, Bwana Seni, aliyasoma haya juzi. Alisoma mara mbili. Akaniambia, "Dada Levina, hapa watu hawatakula." Kisha akavua miwani, akasema, "Lakini iache. Sina wa kuniandikia nyingine."

Kwa hiyo imeandikwa, Mzee. Nimeiandika ilivyokuwa, na sikuongeza kitu. Unaweza kuja kuagwa.

Naomba sasa niseme nawe mwenyewe, maana siwezi kumalizia kama ninasimulia habari za mtu ambaye hayupo.

Uliniuliza Jumapili ile kama nitakusamehe, nami nikakuletea maji ya kunawa. Mpaka leo sijui jibu. Kuna siku naamka nikiwa nimekusamehe, na ikifika saa nne, mtu anasema jambo kaunta kwa sauti inayofanana na yake, na sijakusamehe tena. Nimemuomba Mungu anipe moja kati ya hayo mawili, nitulie. Hajanipa. Hicho ndicho ninachokipata nikijitazama, na wewe ulitaka ukweli.

Sikasiriki kwa ajili ya kibali. Ulikuwa umetia sahihi, ulikuwa na mke na mafao ya maisha yako yote, na barua tatu uliziandika. Waliokaa na sanduku bila kulifungua hawakuisikia sauti yoyote. Ninachokosa ni kile kidogo alichoomba. Ningetembea hatua ishirini. Angeniuliza habari za kuku. Ningesikia kwamba meno yanagongana, na ningempigia magoti mtu yeyote Morogoro amfikishe hospitali. Au nisingesikia kitu, na angekufa vilevile, lakini ningekuwa na sauti yake. Watoto wananiuliza baba alisema nini mwisho, nami huwa nawaambia alisema Ijumaa siyo mbali. Sasa nitawaambia pia kwamba aliomba kunisikia. Mdogo wetu, Oliva, atataka kujua kama aliomba kumsikia na yeye. Nitamjibu ndiyo.

Lakini pia siwezi kuandika kwamba miaka yako mingine haikuwepo. Ulinifundisha kazi. Uliposikia nimejifungua Oliva, uliwatangazia matawi yote redioni, na Mbeya wakaimba. Kila mtu wa bonde hili aliyewahi kukwama mbali na kwao alijua kwamba akifika kwenye dirisha la benki atasikia mtu wa nyumbani akimsalimia. Hayo nimeyashuhudia, na hayafuti yale mengine, wala yale mengine hayayafuti haya. Yote yamekaa pamoja ndani yangu, na yamenichosha.

Kwa niaba ya meneja, wafanyakazi wa tawi la Ifakara na wateja wako, tunakushukuru kwa kila kibali ulichotoa na kwa kila salamu uliyoifikisha. Mama Eufrasia, tunakushukuru kwa kutuazima mzee wetu muda wote huo. Tumesikia mnahamia shambani Lupiro. Tunawaombea mpunga mzuri, miguu yenye nguvu na wajukuu wenye kelele. Mkae salama.

Mimi nina ombi moja tu. Huko ng'ambo ya mto, ukiwaombea marehemu wenu, umtaje Anselim kwa jina lake. Na sisi tuliobaki, mimi na watoto, utukumbuke.

Levina Mkulila
Kaunta ya pili